Ubaguzi, Uhamiaji na Kubana Matumizi nchini Uingereza

Ndugu wasikilizaji, mambo haya matatu huzoeleka kujadiliwa kila moja peke yake: ubaguzi wa rangi huachiwa wanaharakati, uhamiaji wanasheria, na bajeti wachumi. Naomba leo tuyatazame pamoja, kwa kuwa nchini Uingereza, tangu serikali ilipoanza kubana matumizi mwaka 2010, yamewaangukia watu walewale, na kila moja limelizidishia jingine uzito.

Tuwaangalie kwanza watu ambao kisheria hawakuwa wageni kabisa. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga katika bandari ya Tilbury, Uingereza, mwezi Juni 1948, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu wa visiwa vya Karibi walihamia Uingereza wakiwa na haki kamili ya kuishi na kufanya kazi huko. Sheria ya Uhamiaji ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, ililinda haki hiyo kwa waliokwisha kufanya makazi, lakini serikali haikuwapa wote hati ya kuithibitisha, wala haikutunza orodha yao.

Upungufu huo uligeuka hatari mwaka 2012, pale Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alipotangaza kwamba nchi itakuwa mazingira ya uhasama kwa wasio na kibali. Sheria za 2014 na 2016 ziliwatwika wenye nyumba na benki kazi ya kukagua hati, kazi ambayo waajiri tayari walikuwa nayo. Mwenye nyumba anayeogopa faini hana haja ya kuwa na chuki moyoni. Inamtosha kumkwepa mpangaji mwenye jina la kigeni. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2019 kwamba ukaguzi huo ulisababisha ubaguzi, na Mahakama ya Rufaa, ingawa mwaka uliofuata iliamua kuwa mpango wenyewe ni halali, haikukana kwamba ubaguzi ulikuwapo.

Hapa ndipo bajeti inapoingia, na kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote. Kuanzia Aprili 2013, katika kipindi kilekile ambacho serikali ilikuwa ikizidisha madai ya hati, iliondoa msaada wa kisheria kwa sehemu kubwa ya kesi za uhamiaji zisizohusu ukimbizi, huku halmashauri zikipunguziwa ruzuku zilizokuwa zikigharimia ofisi za ushauri. Mwenye fedha alimwendea wakili. Asiye nazo, ambaye mara nyingi ni mtu mweusi mwenye ujira mdogo, alipoteza kazi, alinyimwa matibabu, na wengine walizuiliwa au kufukuzwa katika nchi waliyoishi tangu utotoni. Kashfa hiyo, iliyopewa jina la meli ya Windrush, ilimfanya Amber Rudd, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, ajiuzulu mwezi Aprili 2018.

Wahamiaji wapya nao wanabanwa kwa namna yao: ada ya huduma za afya, iliyokuwa pauni 200 kwa mwaka ilipoanzishwa 2015, ilifika pauni 1,035 mwaka 2024, nao wanalipa kodi kama wafanyakazi wengine.

Mpango wa fidia kwa waathirika wa Windrush ulifunguliwa mwaka 2019. Wazee walioumizwa kwa kukosa nyaraka walitakiwa tena kuthibitisha hasara zao kwa nyaraka, bila wakili wa kulipiwa na serikali, na baadhi yao wamefariki kabla ya kulipwa.