Unasafiri? Pawa ovu atoni malizia hapohapo Tanga

Haya jamani, asalaam aleikum, hamjambo huko nyumbani. Leo sina mapishi wala siwaonyeshi barafu, naongelea pawa ovu atoni, yaani hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukufanyia mambo yako kwa niaba yako, maana kila nikiweka video swali ni lilelile, dada nasafiri, nyumba namwachia nani na kwa karatasi gani. Na najua kuna watakaosema huyu anataka tujue ana nyumba. Nyumba yenyewe iko Makorora, bati nusu jipya nusu la zamani, majivuno hapo yako wapi? Wengine mtasema nalalamika. Kwenye hela nalalamika ndiyo, sikatai.

Mi si mwanasheria, nasema yaliyonikuta mimi, ya kwako yanaweza kuwa mengine kabisa.

Nilipokuwa bado Tanga mambo yalikuwa mepesi. Mimi na shangazi tulienda kwa wakili na vitambulisho vya NIDA na picha za paspoti, nikasaini mbele yake akagonga muhuri, ushuru wa stempu ukalipwa, ikapelekwa kwa Msajili wa Hati kwa sababu inagusa ardhi. Shangazi akawa anapangisha, anapokea kodi, anasimamia mafundi. Kwisha.

Sasa nikaja kununua kakiwanja Pongwe nikiwa tayari huku Leicester, na ile hati ilikuwa ya nyumba ya Makorora tu, nilitaka iwe hivyo, kwa hiyo ya kusaini uhamisho wa Pongwe ikabidi niandikie huku. Weee! Huku Uingereza si kila wakili ni notari, unamtafuta notari, yaani mwanasheria mwenye idhini ya kuthibitisha saini na nyaraka, unalipa, karatasi inaenda wizara yao ya mambo ya nje igongwe, unalipa, kisha ubalozi wetu London, unalipa, kisha orijino unaituma kwa kuria, unalipa tena, na kote huko umeomba ruhusa kazini na siku ya ruhusa hailipwi.

Ikafika. Shangazi wa watu, magoti yanamuuma, kakaa kwenye benchi la ofisi moja tangu asubuhi, kijana wa dirishani hata shikamoo hakumpa, anaangalia fotokopi anasema bibi hii haina muhuri. Muhuri wa notari ni ule wa kubonyeza, hauna wino, kwenye fotokopi hautoki! Shangazi akamsogezea orijino akamwambia mwanangu, pitisha kidole hapo. Kijana akapapasa, akanyamaza, akasema njoo kesho. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, si kwa ajili ya kiwanja, kwa ajili ya mama wa watu kuonwa kama kaja na karatasi za kughushi.

Na ndugu nao. Kuna mjomba wangu mmoja alisema mbele za watu kwenye shughuli kwamba siku hizi nawaandikisha ndugu kama wapangaji, simwamini mtu. Mjomba, shikamoo, najua unaangalia. Karatasi inamlinda shangazi kuliko inavyonilinda mimi, maana akiulizwa kodi ya nyumba unapokea wewe kama nani, anaitoa.

Kwa hiyo mimi, nasema mimi, ningeandika kazi mojamoja. Kupangisha ni kupangisha, kuuza ni kuuza, na kama huna nia ya kuuza usikubali wakili akubandikie fomu yake ya "mambo yote". Namba ya kiwanja na kitalu viwemo. Nyumba mnayoishi na mwenzio, kama ni ya kuuza, mwenzio naye aridhie kwa maandishi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nzuri, ila haichukui nafasi ya hati hii. Benki nao kawaida wana fomu zao, waulize kabla hujafunga begi. Na aliyeitoa hati akifariki, hati yake imekufa naye, kuanzia hapo ni mirathi, asikudanganye mtu kwamba ataendelea kuitumia.

Kuna dada kauliza, ukishampa mtu hati kisha mkagombana ufanyeje. Unaifuta kwa maandishi vilevile, mbele ya wakili, na kama ile ya kwanza ilisajiliwa na kufutwa kwake kusajiliwe, halafu mpe nakala yeye, benki na wapangaji. Kumblock WhatsApp peke yake hakujafuta kitu, bado ana karatasi mkononi.