Usimkimbie Msimamizi Wako: Mazungumzo na Wanaotaka Kusoma Uzamili na Uzamivu

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Nawashukuru mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja. Naona wengine mmekuja na watoto. Waacheni wacheze hapo nyuma, hawatusumbui. Sura ya pili ya tasnifu yangu niliiandika nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo najua mnakotoka.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuomba nafasi ya masomo ya juu, na namna ya kuishi ukishaipata. Wengi mnadhani la kwanza ndilo gumu. Kuomba ni kazi, sikatai, lakini ni kazi yenye tarehe: dirisha linafunguliwa, linafungwa, unajibiwa. Kinachowaangusha watu hakina tarehe. Nimefundisha na kusimamia wanafunzi kwa miaka 18, na sijamwona aliyeacha uzamivu, yaani shahada ya udaktari, kwa kukosa akili. Niliowaona wakipotea walipotea kwa ukimya. Mtu alikwama kidogo, akaona haya, akamkwepa msimamizi wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, hadi ofisini tukawa hatujui hata namba yake ya simu. Hilo ndilo hasa nimekuja kulisema. Mengine nitayagusa njiani.

Tuanze na maombi. Shahada ya kwanza mlikwenda kwa mkondo: matokeo ya kidato cha sita yalitoka, mkajaza machaguo, mkapangwa. Huku juu unaulizwa swali ambalo hukuwahi kuulizwa tangu darasa la kwanza: wewe mwenyewe unataka kujua nini? Alama zina nafasi yake. Vyuo vyetu vingi Tanzania vinataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 2.7 kati ya 5 kwa anayeomba uzamili, na ukiomba ufadhili ushindani unapandisha kiwango hicho. Lakini mwenye 4.2 asiye na swali humshinda kwa taabu mwenye 3.5 anayejua anachokitafuta.

Niwaonyeshe swali linavyozaliwa. Kichwa changu cha kwanza kilikuwa "Athari za Mabadiliko ya Tabianchi kwa Uchumi wa Zanzibar". Nilikipenda sana, nilikiona kizito. Profesa wangu alinirudishia kurasa zote 12 zikiwa safi, ila chini kabisa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nani? Wapi? Tangu lini?" Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikapanda boti kwenda Unguja.

Huko wanalima mwani, mmea wa baharini. Kilimo chake cha kibiashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989. Wanaolima wengi ni wanawake. Aina zinazolimwa ni mbili: spinosamu, ambayo ni shupavu lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, ambayo wanunuzi huilipia zaidi lakini haistahimili joto. Maji yalivyozidi kupata moto, kotonii ikawa inaugua na kufa kwenye kamba. Hapo ndipo nikapata swali langu: mwanamke wa Paje aliyezoea kotonii hufanya nini ikimfia? Swali hilo lina mtu, lina mahali, lina muda. Tabianchi imo ndani yake, uchumi umo ndani yake, na mtu mmoja anaweza kulijibu kwa miaka mitatu au minne. Lile la kwanza lingehitaji wizara nzima.

Ukiwa na swali la namna hiyo, kumtafuta msimamizi kunakuwa rahisi, maana unajua nani anashughulika na jambo lako. Soma maandishi yake mawili matatu kabla hujamwandikia. Barua iwe fupi: mimi ni nani, nataka kujua nini, nimesoma nini chako kilichonifanya nikuandikie wewe na si mwingine. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa 20 kwa mkupuo tunaitambua kwenye mstari wa kwanza. Na wale watakaokuandikia barua za mapendekezo wape wiki sita, pamoja na wasifu wako na pendekezo lako la utafiti. Mwalimu anayepigiwa simu Ijumaa jioni kwa barua ya Jumapili ataandika kwamba ulikuwa mwanafunzi mtulivu na ulihudhuria vipindi. Barua kama hiyo haimpeleki mtu popote.

Majina. Kama cheti cha kuzaliwa kina Mwanaidi na cha kidato cha nne kina Mwanahidi, shughulikia sasa, kwa wakili, kabla hujafungua fomu yoyote. Nimeona mtu akikosa safari kwa herufi moja.

Fedha. Chevening ya Uingereza, iliyoanza 1983, hulipia uzamili wa mwaka mmoja. Wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, na unawajibika kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Lipo shirika la ufadhili la Ujerumani, DAAD. Ipo Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, ambayo mtu husoma katika nchi zaidi ya moja. Fomu za hawa wote ni bure. Akikujia mtu anataka laki tatu "akusukumie faili", mwache na faili lake.

Mtakataliwa. Nawaambia mapema ili siku ikifika msidhani mmelogwa. Januari 1966, Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na alikuwa ameahidiwa kazi ya usaidizi wa utafiti katika elimu ya wanyama. Alipofika aliambiwa nafasi amepewa mwingine. Aliyempa kazi ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo hapo hapo Nairobi. Kutokana na mlango huo wa pembeni Wangari alikwenda Ujerumani kwa masomo, akarudi kufundisha, akaolewa, akazaa, na mwaka 1971 akapata uzamivu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati. Ninachotaka mkitazame si ushindi wake. Tazameni kwamba alipofungiwa mlango hakujifungia ndani. Alionekana. Mtu mwenye nafasi aliweza kumwona kwa sababu alikuwa bado anazunguka anatafuta.

Basi umepata. Sherehe imepita, picha zimewekwa. Sasa maisha.

Ukiwa hapa nyumbani, adui wako ni kwamba hakuna anayeamini kuwa unasoma. Kwenye shahada ya kwanza ulikaa bwenini, ikajulikana fulani yuko chuoni. Sasa upo nyumbani mchana, umekaa mbele ya kompyuta, hakuna kinachoonekana. Shangazi anakutuma sokoni. Kazini bosi amekupa ruhusa kwa mdomo lakini kazi hazijapungua. Kundi la familia linakuchangisha harusi ya binamu kama kawaida. "Si ulishamaliza chuo?" Ukiwa nje, posho imepigiwa hesabu ya mtu mmoja, na ukoo wako una watu 40 wanaoamini umefika penye neema. Mimi niliwaita wazee wangu watatu kabla ya kuanza, nikawaeleza kwa shilingi: ninapokea kiasi hiki, kodi ni hii, chakula ni hiki, kinachobaki ni hiki, na kila mwezi nitatuma hiki. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ni kidogo hivyo." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinitetea kwa wengine. Aibu ya kutaja kiasi ilidumu nusu saa tu, na ilininunulia amani ya miaka minne.

Kibali cha utafiti kishughulikieni mapema. Hutolewa na tume za sayansi: Tanzania Bara ni COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Zanzibar ina utaratibu wake, na utafiti unaogusa afya za watu una kibali chake cha maadili. Hesabuni miezi, msihesabu wiki.

Na uwandani hakuna anayekusubiri. Mara ya kwanza nilipanga mahojiano saa nne asubuhi, wiki nzima, kwenye ratiba niliyoipiga chapa vizuri. Nyumba ya kwanza imefungwa. Ya pili imefungwa. Ya tatu nikamkuta mtoto anakwangua ukoko. Ilikuwa bamvua. Siku za bamvua maji hukupwa mbali, na upande ule hukupwa muda huo huo wa asubuhi kuelekea mchana. Kila mwanamke niliyetaka kumhoji alikuwa baharini, maji magotini, anafunga miche kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vidogo. Jioni bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, ratiba yako umeiandika vizuri, lakini hukuutazama mwezi." Nikasubiri maji mafu, mashamba yasipofikika, nao wakawa na nafasi ya kuzungumza. Ila kwanza nilikwenda nao shambani bamvua mbili nzima, nikajifunza kufunga miche. Nusu ya niliyoyaandika baadaye sikuyapata kwenye dodoso, niliyapata kwenye maji.

Sasa nije kwenye lile nililoanza nalo.

Nilirudi na mahojiano 31 kwenye kinasa sauti. Saa moja ya maongezi ilinichukua saa tano au sita kuiandika. Nilipofika mahojiano ya tisa nilichoka mwili na roho. Msimamizi alikuwa ametaka rasimu ya sura ya nne mwishoni mwa Februari. Februari ikaisha. Nikajiambia nitampelekea Machi iliyo nzuri zaidi, kwa kuwa nimechelewa. Machi ikaisha, na sasa ilibidi iwe nzuri zaidi ya ile nzuri. Mnaona kinachotokea? Kila siku ya ukimya inapandisha deni, na wewe huna cha kulipa.

Siku moja mwezi wa Juni niliiona gari yake nyeupe imeegeshwa chini ya mwarobaini nje ya idara. Nilikuwa nimebeba kitabu cha kurudisha maktaba. Niligeuka. Nikazunguka nyuma ya jengo, nikapita kwenye majani yaliyolowa mvua, mama mzima wa watoto wawili, ili mtu aliyekuwa akinitakia mema asinione.

Nataka tulitazame hili vizuri, maana linatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Tumelelewa kumheshimu mkubwa. Humsumbui. Huendi kwake mikono mitupu. Humpelekei kitu kibichi. Haya ni malezi mazuri na mimi nawalea wanangu hivyo hivyo. Lakini kazi ya msimamizi ni hiyo hiyo ya kuletewa kitu kibichi. Ukimpelekea kilichoiva, umemnyima kazi yake. Nikiwa upande wa pili wa meza leo nawaambia kwa dhati: rasimu mbaya haijawahi kunikera hata mara moja. Naisoma, naona mtu amepotelea wapi, tunarudi njia panda. Mwanafunzi anayeninyima usingizi ni yule ambaye sina karatasi yake yoyote ya kusoma.

Wapo wasimamizi wabaya pia, nisiwadanganye. Wapo wanaokaa na sura ya mtu miezi minne. Kwa hao, dawa ni maandishi. Kila mkionana, jioni hiyo hiyo mwandikie barua pepe ya mistari mitano: tumekubaliana hili na hili, nitaleta kazi tarehe fulani, utanirudishia tarehe fulani. Kwa adabu. Zikipita tarehe mbili bila jibu, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili ukiwa na barua zako. Ukienda na malalamiko ya mdomo tu utaonekana mkorofi.

Tafuteni pia wenzenu. Watatu wanatosha. Tulikuwa tukikutana Jumatano saa kumi, kwenye benchi la mgahawa, kila mmoja na kurasa zake mbili, ziwe zimeandikwa vipi. Mmoja wetu alifiwa na baba yake katikati ya masomo. Wiki ya tatu hakuja, tukamfuata hadi kwake na chai kwenye chupa. Alimaliza kabla yangu.

Mimi nilimalizaje ule ukimya? Julai, usiku, watoto wamelala, niliandika ujumbe wa simu. Niliandika na kufuta mara nyingi. Nilianza na sababu: mtoto aliugua, umeme ulikatika, kompyuta iliharibika. Yote yalikuwa kweli na yote hayakuwa na maana. Mwisho nikabakiza hivi:

"Shikamoo Profesa. Sijaandika chochote tangu Februari. Nimekwama kwenye sura ya nne na nimekuwa nikikukwepa. Naomba unisamehe, na naomba nusu saa yako."

Jibu liliingia kabla sijaiweka simu chini.

"Marahaba mama. Alhamisi saa tatu. Njoo na mahojiano yako, tuyasome pamoja."