Zorro, Sabuni na Chupa za Divai

Mabibi na mabwana, karibuni. Watazamaji wa sinema za mapigano tuna usemi wetu: steringi hafi. Ndiyo shida ya kwanza ya filamu ya pili. Katika The Mask of Zorro ya mwaka 1998, Alejandro, yule mpiga upanga anayevaa barakoa ya Zorro, ameshinda na ameoa. Martin Campbell aliporudi kuongoza The Legend of Zorro, iliyotoka mwaka 2005, hofu ilibidi itoke kwingine. Ikatoka kwenye sabuni.

Itazameni shehena ya Armand, adui wa filamu hiyo: miche ya sabuni. Mafuta yakipikwa na magadi makali hutoa sabuni pamoja na gliserini, na gliserini ndiyo asili ya nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka, ambayo Armand anaificha kwenye chupa za divai. Hapo waandishi walijua wanachofanya, maana Ascanio Sobrero aliigundua Turin mwaka 1847, na hadithi inatokea 1850.

Garimoshi linaloibeba ndilo linaloharibu. Nitrogliserini haingoji kiberiti. Ndani yake mna viputo vidogo vya hewa. Ikigongwa, viputo hubanwa ghafla, hushika joto kali, na mlipuko huanzia hapo. Mwaka 1866 sanduku lililokuwa likivuja lililipuka San Francisco likaua watu. Baadaye wajenzi wa reli kwenye milima ya Sierra Nevada wakawa wanaitengeneza palepale kwenye mahandaki, wasiisafirishe. Sasa lifikirieni behewa la Armand, linarukaruka kwenye viungo vya reli, na watu wanapigana humo humo! Tena California ya 1850 haikuwa na garimoshi, reli yake ya kwanza ilifunguliwa 1856. Na kwenye filamu kuna kanali wa Shirikisho la Kusini, yale majimbo ya Marekani yaliyojitenga mwaka 1861: amewahi miaka 11.

Ninachokililia hasa ni upanga. Kwenye pambano la sinema, anayeshambulia hulenga pembeni ya mwili wa mwenzake, na anayekinga huanza kusogea kabla upanga haujaja. Kila pigo hutanguliwa na macho kukutana. Hatua hujifunzwa polepole kwanza, kasi huongezwa mwishoni. Barakoa inaleta tabu: huziba sehemu ya pembeni ya macho, kwa hiyo pigo la ubavuni linahitaji ishara ya bega, la sivyo mwenzako halioni. Pambano la namna hiyo linataka kamera itulie na miguu ionekane. Filamu ya pili inalikatakata ili kuwahi mlipuko.

Mkirudi nyumbani, wekeni ile ya 1998, pale Alejandro na Elena, mke wake wa baadaye, wanapopambana zizini. Zimeni sauti, mtazame miguu tu.