Pembe za Kiwanja: Mhadhara Kuhusu Gofu ya Visahani Mtaani

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Mwenyekiti wa mtaa ameniomba nizungumzie mchezo tu, nisirudie hotuba yangu ya maeneo ya wazi. Nimemkubalia. Kwa hiyo naanza na maeneo ya wazi.

Kiwanja hakivamiwi kuanzia katikati. Nalisema hili kila mkutano na nitalisema mpaka mnichoke. Katikati kuna vijana wa chandimu; atakayethubutu kuweka tofali pale atatimuliwa kabla saruji haijakauka. Mvamizi huanzia pembeni. Anakuja na meza ya vocha chini ya mwarobaini. Meza inapata mwavuli, mwavuli unapata bati, bati linapata kufuli. Ukirudi baada ya muda unakuta gereji bubu, halafu ukuta, na mwenye ukuta anakutolea karatasi. Watu wa Sinza na Kijitonyama mnaelewa. Mitaa ile ilipimwa viwanja miaka ya 1970, na kwenye ramani maeneo ya wazi yalichorwa vizuri kabisa. Nendeni na ramani hiyo leo mkayatafute. Mengine mtayakuta, ila itabidi muagize kinywaji ndipo mruhusiwe kukaa.

Sasa mchezo. Vile vikapu tisa vya minyororo mmeshaviona, na najua wapo waliodhani ni majiko ya nyama choma. Unasimama kwenye jamvi la zege, unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu. Kilipoangukia, hapo hapo ndipo unaporushia tena, mpaka minyororo ilie na kisahani kitulie kapuni. Mwenye mitupo michache kwa vikapu vyote ndiye mshindi. Basi.

Mnaona uzuri wake? Mpira unakaa katikati. Mchezo huu unatembea ukingoni. Kikapu cha kwanza kiko karibu na mtaro, cha pili nyuma ya miembe, cha tatu kule tulikokuwa tunamwaga takataka, na cha nne, naomba mnisikilize kuhusu cha nne, kiko kwenye kona ya ule mchanga.

Mnaukumbuka ule mchanga. Bwana mmoja, simtaji, alishusha lori zima kwenye ile kona na kusimika nguzo nne. Tukaandika barua. Tukaenda ofisini tukaambiwa tuje kesho, na kesho hiyo mnaijua inavyorefuka. Uwanja ulipofunguliwa mchanga ulikuwa bado upo, na huku Dar upepo wa kusi ukivuma pale pana kazi. Anayerushia mkono wa kulia, kiganja kikielekea kifuani, kisahani chake humalizia kwa kukata kushoto. Lakini upepo ukija usoni, kinapaa na kukunja kulia kwanza, na kulia kwa kikapu cha nne kuna nini? Mchanga! Kila mtu alikuwa anatua mchangani, na kanuni ni kanuni: unacheza pale kilipoangukia. Kwa hiyo wazee wakapanda lile lundo, wanafunzi wakapanda, madereva wa bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria wakapanda, kila jioni. Hakuna aliyeiba hata karai moja. Lundo lenyewe likatandazika kwa nyayo za watu mpaka likawa sawa na ardhi. Yule bwana alipokuja na fundi wake alikuta foleni, na kijana mmoja akamwomba kwa heshima zote: mzee, samahani, umesimama kwenye njia ya kisahani. Akasogea. Akaombwa asogee tena. Fundi ndiye aliyeanza kucheka. Zile nguzo zimeondoka, na sisi hatujaandika barua nyingine.

Nasikia mtu anaguna huko nyuma: mchezo wa Wazungu. Na mpira wa miguu ulizaliwa Tandika? Ni kweli, Mmarekani Ed Headrick ndiye aliyeweka uwanja wa kwanza wa kudumu, mwaka 1975, Oak Grove kule California, na shabaha zilikuwa nguzo tu; kikapu cha minyororo alikibuni baadaye. Lakini sikilizeni alikouweka: katika bustani ya umma, watu wakiendelea na mambo yao. Sisi vikapu tumewachomelesha mafundi wetu wenyewe.

Mwingine atasema gofu ni ya wenye nazo. Gofu ya fimbo, sawa. Ile ya Gymkhana au Lugalo inataka ardhi kubwa, majani ya kufyekwa na maji ya kumwagilia. Hii inataka miti ibaki ilipo, kwa sababu mwembe ukiukata umeharibu mchezo. Kisahani kimoja kinatosha familia.

Hoja ya usalama wa watoto naiheshimu, siifanyii mzaha. Kisahani cha masafa marefu kina uzito wa karibu gramu 175 na ukingo mkali; kikikupata sikioni utajuta. Ndiyo maana tumekubaliana kutumia vile vya ukingo butu peke yake, na mtoto akikatiza mbele mchezo unasimama. Anayeona haraka akacheze bao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi juu ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, naona mnafurahi kwamba siyasemi. Wezi wa vyuma chakavu: vikapu vimezikwa kwenye zege, na mama wa maandazi anafika pale kabla ya jua. Masika: kikapu cha kwanza kitahamishwa, maji ya mtaro hayabishani na mtu. Taa: bado. Choo: bado, na hilo ni aibu, katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.

Bado kona moja haina kikapu, ile ya barabarani. Jumamosi iliyopita nimeona meza pale. Ina mwavuli tayari. Kikapu cha kumi kinachomelewa wiki hii, na nahitaji watu wa kuchimba shimo.

Maswali? Yule bwana mwenye ufunguo wa gari mkononi, kabla hujauliza kuhusu maegesho: hapana.