Rufiji, Mto Unaohama

Ndugu zangu, habari za jioni. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwamba mmekuja na mvua hii. Nimeombwa nieleze namna ya kuutembelea Mto Rufiji na vivutio vyake. Nitaeleza, ila niruhusuni nianze na lalamiko. Wengi wetu tukisema tumefika Rufiji, maana yake tumeingia hifadhini, tumeona tembo, tumepiga picha, tumerudi Dar. Mto wenyewe tumeuvuka darajani tukiwa tumesinzia ndani ya basi.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Karibu kila mnachokwenda kukitazama kule, kuanzia maziwa, ndege na mashamba ya mpunga mpaka mikoko ya delta, kimetengenezwa na mafuriko. Mtu anayeujua mto hivyo anasafiri safari nyingine kabisa na yule anayehesabu wanyama.

Maji yanatoka mbali. Mito ya Kilombero na Luwegu inakutana Shuguli, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Ruaha Mkuu unaingia baadaye, kabla ya lile korongo lililoitwa Stiegler's Gorge. Bonde lote lina takriban kilomita za mraba 177,000, yaani karibu moja ya tano ya nchi yetu. Mvua ikinyesha nyanda za juu kusini, ni suala la siku tu mkulima wa Utete ataiona mlangoni. Korongoni mto unabanwa na mawe, hauna pa kwenda. Ukitoka pale nchi inakuwa bapa, maji yanapungua kasi, mchanga unatua, na mto unaanza kutafuta njia mpya. Ndivyo yalivyozaliwa maziwa ya Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu: mto ulipita huko, ukahama, ukaacha maji nyuma. Mafuriko yakija yanayajaza tena.

Kwa hiyo mkifika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, msikubali kukaa ndani ya gari muda wote. Kodini boti. Hifadhi zetu nyingi hazina nafasi hiyo. Mwambieni nahodha azime injini karibu na ukingo ulioliwa na maji, mtazame ule ukuta wa udongo. Mtaona mchanga mweupe, juu yake mfinyanzi mweusi, juu yake mchanga tena, tabaka kwa tabaka. Kila tabaka ni mafuriko ya mwaka fulani. Halafu mtaona matundu, mengi, yamepangana. Ni nyumba za keremkerem. Ndege huyu anataka ukuta uliokatwa karibuni, laini wa kuchimbika na wima kiasi cha kumshinda nyoka. Mto ukiacha kukata kingo zake, keremkerem anahama. Katikati ya ziwa kuna mivumo iliyokufa imesimama majini, haina hata jani, na juu ya kila gogo fukombe anavizia samaki. Miti ile ilikuwa nchi kavu. Maji ndiyo yaliyoifuata. Viboko sina haja ya kuwaonyesha, mtawasikia. Ila msitumbukize mkono majini, mamba wa pale hawana mchezo.

Karibu na Tagalala kuna chemchemi za maji ya moto, na Beho Beho lipo kaburi la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi za Wajerumani tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Pitieni, lakini mimi binafsi nisingekaa sana hapo. Yapo ya kwetu mazito zaidi.

Nayo ni ya Ngarambe. Kinjikitile Ngwale aliishi upande huo, kusini ya mto. Inasimuliwa kwamba mwaka 1904 aliingia kwenye kidimbwi cha maji, watu wakamtafuta wakakata tamaa, kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Maji ya dawa aliyoyagawa yaliwaunganisha watu ambao utawala wa Kijerumani ulikuwa unawalimisha pamba kwa viboko. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905. Tarehe 4 Agosti alinyongwa Mohoro. Mohoro ipo, inafikika, na watalii wanaipita bila kujua. Ukienda, waone wazee wa mji kwanza na usitoe kamera kabla hujasalimia.

Nirudi kwenye maji. Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja kwa urefu, lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni ya Ndundu, na wazee humu ndani wanajua maana ya kulala Ndundu mkingoja kuvuka. Ombeni dereva asimame baada ya daraja, mtembee kidogo bondeni. Mtaona madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mkulima analinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Maji yakipungua, udongo ungali na unyevu, anapanda mazao ya mlao bila kungoja mvua. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali ilihamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko, Operesheni Rufiji ya 1969. Watu walihama, mashamba yalibaki chini, na wenyewe wakaendelea kuyafuata. Si ukaidi. Mafuriko yaleyale yanayobomoa nyumba ndiyo yanayoleta mbolea.

Najua mnataka nizungumzie bwawa. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa pale pale korongoni, mitambo tisa, megawati 2,115. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na umeme wa kwanza ukaingia gridini Februari 2024. Nchi ilihitaji umeme, na hata taa hizi hapa zinawaka. Lakini ukuta wa bwawa hauzuii maji peke yake. Unazuia na mchanga na tope vilivyokuwa vikishuka. Maziwa niliyoyataja na kingo za keremkerem vimezoea kulishwa. Na msidhani mafuriko yamekwisha: mwaka huohuo wa 2024 wilaya za Rufiji na Kibiti zilizama. Kwa mtembezi ushauri wangu ni kwenda sasa, na kurudi tena baada ya miaka kadhaa akaone kilichobadilika.

Chini kabisa ni delta, ambako mto unagawanyika mikono mingi. Mkoko, mkandaa, mchu, mlilana: ndio msitu mkubwa wa mikoko katika Afrika Mashariki, na boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Humo ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, Septemba 1914. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maji hayakuwa na kina cha kutosha. Walilazimika kuleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ndipo Julai 1915 wakaimaliza, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake waliing'oa wakaenda kupigania nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Anayekwenda delta akitarajia kuiona meli atarudi bure, maana tope limeshaimeza.

Kutoka bandari ya Nyamisati panda boti ya kisiwa cha Mafia, na ulizia ratiba mapema kwa sababu safari inafuata kujaa na kupwa kwa maji. Baharini mtauona mstari ambapo maji ya tope yanakutana na ya buluu. Rutuba ya Rufiji inayofika huko inastawisha viumbe vidogo vidogo vya majini, na viumbe hivyo ndivyo vinavyomleta papa potwe mbele ya Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni hao wadogo wadogo.

Kuhusu majira: hifadhini nendeni Juni hadi Oktoba. Masika, barabara ya Mloka, kijiji kilicho mlangoni mwa hifadhi, ni mfinyanzi unaokwamisha hata trekta, na kambi nyingi zinafungwa. Potwe anaanza kuonekana vizuri kuanzia Oktoba. Kwa hiyo mwenye likizo moja tu kwa mwaka achague Oktoba, aanzie Mloka, ashuke na maji mpaka Mafia. Naona mikono imeshainuka. Tuanze na mama pale mbele.