Utomvu, Ngozi na Yaliyoipata Picato

Ndugu wauguzi na wafamasia, leo tutaangalia dawa moja tu, kwa sababu imebeba karibu maswali yote tunayoulizwa kuhusu mitishamba na saratani ya ngozi.

Huko Australia watu walizoea kupaka madoa ya ngozi utomvu mweupe wa Euphorbia peplus, gugu dogo la bustanini, jamaa ya mnyaa wetu wa uani. Wanakemia walipouchambua walipata kemikali iitwayo ingenoli mebuteti, takribani miligramu 1 kwa kilo nzima ya mmea. Mwaka 2012 Marekani ikaidhinisha jeli yake, Picato. Haikuidhinishwa kwa saratani yenyewe, bali kwa yale mabaka makavu yenye magamba yanayoletwa na jua, ambayo baadhi yake hugeuka saratani. Usoni ilipakwa jeli ya asilimia 0.015 mara moja kwa siku, siku 3 mfululizo, mrija mmoja kwa eneo la sentimita 5 kwa 5. Iliachwa ikauke dakika 15, na pasiguswe kwa saa 6.

Ngozi huiva, huvimba, hufanya magaga, kisha hubanduka na kuacha ngozi laini. Hapo ndipo mtu anapodanganyika! Wagonjwa walipofuatiliwa miaka 3, asilimia 3.3 walipata saratani ya seli bapa palepale palipopakwa, dhidi ya asilimia 0.4 kwa waliotumia imikwimodi, krimu nyingine ya mabaka hayohayo. Mwaka 2020 dawa ikaondolewa Ulaya.

Ingenoli huamsha kimeng'enya kiitwacho protini kinasi C. Esta za foboli, kemikali zinazofanana nayo, hukiamsha hichohicho, na maabara huzitumia kukuza uvimbe kwenye ngozi ya panya. Utomvu wa mnyaa nao una esta za jamii hii, tena bila kipimo chochote: leo tone kali, kesho hafifu.

Kwa hiyo akija mtu mwenye ualbino na kidonda mdomoni au sikioni kisichopona wiki 4, kwanza muulize kwa upole amepaka nini, maana utomvu huunguza na kumchanganya anayesoma kipimo. Kisha kidonda kikatwe kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Kipande kikatwe kwenye ukingo ulioinuka, kikifika chini ya ngozi. Katikati palipooza mara nyingi utapata seli zilizokufa tu. Kitiwe kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kipande, na chupa iandikwe jina, upande na mahali kilipotoka kabla mgonjwa hajashuka kitandani.