Nani Alichagua Samaki? Mazungumzo ya Tanga kuhusu mgahawa wetu wa pwani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nieleze historia ya mgahawa wetu wa samaki, na najua mnasubiri nini: banda la makuti lilijengwa lini, mkubwa gani alikula meza ya pembeni. Hayo yapo kwenye picha ukutani, mtayaona mkija kula. Mimi nitasema ya mnadani, pale samaki wanaponunuliwa kwa wavuvi. Wanaonijua washaanza kucheka.

Bibi yetu alianza na karai moja pale ufukweni. Samaki hakumnunua kwa macho. Alimbonyeza mgongo, akafunua shavu, na akimtilia shaka alimpasua palepale. Changu wa baruti, yaani aliyeuliwa kwa bomu baharini, kwa nje anang'aa kama wenzake. Ndani uti umevunjika, damu imevilia, na ukimtia kwenye mafuta nyama inamomonyoka. Bibi alimrudishia mwenyewe mbele ya watu, wala sauti hakupunguza. Kuna wavuvi waliomwogopa kuliko boti ya doria, sitanii.

Mtaniambia mteja hajui baruti, anajua bei. Haya. Lakini samaki aliyevurugika sahanini anamjua, na kesho hamumwoni. Tena bomu likipigwa mwambani linaua mkubwa, mchanga na mayai, matumbawe yanabaki kifusi, na samaki wengi wanazama wasiokotwe. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza baruti waziwazi, na bado kuna mwenye hoteli anayenunua huku anatazama pembeni! Hapa Tanga tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale wa vilindini, tangu 2009. Vizuri, tunamlinda samaki tusiyemla. Changu naye aombewe na nani?

Enhe, menyu. Miaka ile ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta ya kula yalipoadimika, karai lilitundikwa. Bibi akahamia kwenye mkaa na tui, kwa sababu nazi hazikuwa na foleni. Samaki wa kupaka anayeongoza menyu yetu aliingia kwa mlango huo. Wageni wakiuliza, wahudumu wanawaambia ni mapishi ya masultani. Nimewakataza, hawasikii.

Baba na ukuta wa matofali, jokofu la kwanza, ugomvi wa urithi: nayaruka. Muda umekwisha, na shangazi pale mbele ameshanikazia macho. Maswali karibuni. La bei ya kamba mpelekeeni yeye, ndiye mwenye daftari.